Neno Lililopotea Dakani

Kuna siku moja naikumbuka kila mtu akitaja kuuza nyumba hii, na wiki hii imetajwa tena.

Nilikuwa msichana. Nyumba hii babu alimpa mama siku ya harusi yake, maana sisi watu wa Lamu binti huolewa kwake, mume ndiye ahamiaye. Babu alipofariki, mjomba Shee, kaka yake mama, akapata mgeni wa kuinunua. Wazee wakaja kulimaliza jambo hilo. Wao wakakaa dakani, pale mlangoni, na kahawa yao. Mama akakaa ndani, nyuma ya pazia, kama ada. Mjomba akaingia kumuuliza.

“Waambie siuzi,” mama akasema. Nilikuwa ubavuni pake, nikasikia.

Mjomba akatoka. Tukamsikia akiwaambia wazee, “Dada yuko radhi na nitakaloamua.”

Mwanangu, mjomba hakuwa mtu mbaya. Eidi alituletea nguo kabla ya wanawe. Aliamini kabisa anajua zaidi, na watu wa namna hiyo ndio wanaochosha.

Mama akajifunika buibui yake, akafungua pazia, akatoka. Mzee mmoja akamwambia arudi ndani, atasemewa.

“Nishasemewa,” mama akajibu. “Ndia ya kutoka ndani hadi hapa ni fupi, na neno langu limepotea. Mimi sikunena hayo, Bwana Shee. Nyumba siuzi.”

Wazee wakaondoka bila kumaliza kahawa. Nyumba ikabaki, lakini usidhani tulishangilia. Mjomba hakukanyaga hapa miaka mingi, na wanawake wenzetu, hao hao wenye nyumba zao, wakasema mama hana haya. Alilia zaidi kwa hilo kuliko kwa kaka yake.

Mama akanipa mimi nyumba, nami nikakupa wewe. Jana umenambia kaka yako atakwenda kukusemea kwa wanunuzi, wewe upumzike. Umesoma, una kazi yako, na bado kuna mtu wa kukusemea. Nilichoka kusikia hayo, mwanangu. Nilidhani mambo haya mama aliyamaliza.

Sikwambii umchukie kaka yako. Wala sikwambii usiuze. Ukitaka kuuza, uza, ni yako. Lakini “ndiyo” yako au “hapana” yako itoke kinywani mwako, mbele yao, nao wakutazame. Usimtume mtu, hata akupendaye, hata mimi. Watakusema, na watakaokuuma zaidi ni wanawake. Lia ukirudi nyumbani, usilie pale.

Mola akupe sauti isiyotetemeka, na ikitetemeka akupe miguu ya kutokea nayo. Akuhifadhie undugu wako. Na binti yako, inshallah, akue asijue kwa nini bibi yake alilazimika kumwambia mama yake maneno haya.