Lyle Tregenza na Tagi Yake

Lyle Tregenza hakuwa mtu wa bahari, na yeyote aliyetaka kumchokoza alijua pa kuanzia. Meli ya kweli aliipanda mara moja tu maishani, akiwa kwenye fungate na mkewe Verna, wakivuka kwenda Kisiwa cha Kangaroo. Alitapika tangu kamba ilipofunguliwa hadi ilipofungwa upande wa pili. Verna aliisimulia habari hiyo kwenye kila sherehe, na kila mara aliitia chumvi kidogo. Lyle hakubisha. Alikuwa mpiga lipu, amezaliwa Port Pirie na amezeekea Port Pirie, na kuta za nyumba nyingi za mji ule zilipita mikononi mwake. Lakini meli alizipenda tangu utotoni, akaamua kwamba kama haziwezi kumbeba yeye, basi yeye atazibeba.

Ndiyo maana gari la Verna lililala nje miaka yote, jua lake, mvua yake. Banda la gari lilijaa mbao nyembamba, gundi, misasa na makopo ya rangi. Lyle alitengeneza meli ndogo za mfano, za mizigo, za abiria, hata moja ya kivita ambayo Verna hakuipenda na ikaishia kwa jirani. Iliyomtoa jasho kuliko zote ilikuwa Elva, aliyoipa jina la mama yake. Elva ilikuwa tagi, ile meli fupi yenye nguvu inayovuta meli kubwa kuziingiza bandarini. Ilikuwa nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, ina dohani jekundu, vitairi vya mpira vimening'inia ubavuni, na mlango wa chumba cha nahodha uliofunguka na kufungika. Madirishani alikataa kuweka plastiki, akakata vioo kimoja kimoja, na Verna ndiye aliyembandika plasta vidoleni.

Jumapili ilikuwa siku ya chama. Walikutana kwenye bwawa la zege nyuma ya uwanja wa zamani wa michezo, watu wazima na vichwa vyao vyeupe, wamebeba meli kifuani utadhani wanakwenda kuzibatiza. Kulikuwa na chai ya chupa, soseji ndani ya mkate, na ubishi. Mbio hawakuwa nazo. Glenys, katibu wa chama, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, alisema mbio ni za watu wasiojua kuendesha. Kwao heshima ilikuwa kuipitisha meli kwa rimoti katikati ya maboya, jekundu kushoto na la kijani kulia, geti baada ya geti, kisha kuiingiza kwenye gati dogo la mbao na kuisimamisha humo bila kugusa popote. Ukigusa, pointi zinakatwa. Ukigonga, unachekwa wiki nzima.

Sheria nyingine chamani zilibadilika kila mwaka kadiri watu walivyogombana, ila moja haikuguswa. Mtu ambaye haoni tena meli yake kutoka ukingoni haendeshi. Anakabidhi rimoti, na meli yake inakaa kwenye rafu ya chama mpaka apatikane wa kuiendesha. Meli nzito yenye panga la chuma linalozunguka chini yake si mchezo, na bwawa lilikuwa na bata na watoto. Lyle mwenyewe aliwahi kuipigia kura sheria hiyo, enzi zile macho yake yalipokuwa mazima na hakuona inamhusu nini.

Kisha ikaja presha ya macho. Ilianza kumla macho pembeni, polepole, akawa anagonga meza na kuilaumu meza. Daktari wa kule Adelaide alimpa dawa ya matone na maneno ya upole. Lyle akarudi akawaambia watu kwamba matone yanafanya kazi vizuri sana, na kwamba hata hivyo mpiga lipu haoni kwa macho. "Mkono ndio unaoona," alisema, na alilisema hilo mara nyingi mno.

Wiki chache kabla ya Pasaka, Elva iliacha njia ikiwa inakwenda kasi, ikapiga ukuta wa bwawa, ubao wa mbele ukapasuka. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Lyle alirudi nyumbani akaingia bandani na koti lake la Jumapili, akakaa humo. Verna alipeleka supu, supu ikarudi. Usiku alimsikia akilia, mume ambaye hakumwona akilia tangu mazishi ya mama mkwe, naye akasimama nje ya mlango na bakuli mkononi asijue aingie au aondoke.

Lakini Lyle aliitengeneza Elva, kwa kupapasa, akarudi bwawani baada ya Pasaka. Na hapo maajabu yakaanza. Elva ilipita. Geti la kwanza, la pili, la tatu, ikaingia gatini ikatulia. Si kwamba hakugusa kabisa, mara mojamoja aliparuza boya, lakini nani asiyeparuza? Alikuwa anaona wekundu kidogo wa dohani, kwingine ukungu, na palipokosekana alijaza kwa kukumbuka bwawa lilivyo. Glenys naye alikuwa ameanza kutangaza kila geti kwa sauti, kumbe tabia nzuri ile, Lyle akamsifu mbele za watu. Mwezi wa sita, kwenye baridi, alishinda ngao ya chama. Alimpigia simu binti yake Sharyn kule Perth, akashindwa kumaliza sentensi kwa machozi.

Akanenepa. Akaanza kuimba bafuni. Akaanza pia kumwonea Vito, rafiki yake wa miaka mingi, mtoto wa wavuvi wa Kiitaliano ambaye zamani ndiye aliyekuwa akimshinda kila mwaka. Vito alikuwa ameacha kushindana tangu Pasaka. Alisema ni mgongo. Siku hizi alikuja na kiti chake cha kukunja, akakaa nyuma ya Lyle na blanketi magotini.

"Hebu mwangalieni," Lyle alikuwa akisema. "Mimi ndiye kipofu, yeye ndiye anatembea na blanketi. Gari bovu wewe!"

"Sema tu, bwana," Vito alijibu. "Siku nikipona utalia."

"Utapona lini? Nishakuandalia nafasi makumbusho!"

Watu walicheka. Wengine walicheka wakiangalia chini, ila hilo Lyle hakuweza kuliona.

Jumapili moja ya Septemba ilikuwa zamu ya mwisho ya msimu. Jua lilikuwa kali, maji yote yanang'aa. Verna alimshika mkono hadi ukingoni, akampa rimoti kutoka kwenye mfuko wake wa kitambaa, akarudi kusimama pembeni. Mtu akaiweka Elva majini. Lyle akabonyeza swichi, akasukuma kijiti mbele, na Glenys akaanza.

"Imetoka, inakwenda vizuri! Geti la kwanza, safi kabisa!"

Lyle akatabasamu. Alikunja kushoto kama alivyokuwa amezoea, akahesabu moyoni, akanyoosha. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Rimoti ilikuwa nyepesi. Alidhani labda ni furaha, maana furaha nayo humlegeza mtu mikono. Akaipima tena kiganjani. Kisha akakumbuka kwamba Ijumaa alizitoa betri ili azichaji, akaziacha dirishani jikoni karibu na chungu cha maua, na hakukumbuka kuzirudisha.

"Geti la pili, Lyle! Katikati kabisa!"

Kidole chake kikazunguka nyuma ya rimoti, kikasukuma kifuniko, kikaingia ndani. Kilikuta nafasi tupu na vile visipringi vidogo.

Alisimama hivyo na kidole humo ndani. Watu walikuwa wakipiga makofi. Akasukuma kijiti chote kulia, mahali ambapo njia inapinda kushoto, kwa kuwa moyo wake ulikuwa bado unaomba aonekane mjinga kwa namna nyingine yoyote isipokuwa hiyo.

"Geti la tatu, safi!" alisema Glenys.

"Vito," Lyle alisema bila kugeuka. "Simamisha meli."

"Unasemaje, bwana?"

"Nimesema isimamishe."

"Si unaendesha wewe? Rimoti unayo wewe."

"Rimoti yangu haina betri. Betri ziko dirishani jikoni."

Glenys alikuwa amevuta pumzi atangaze geti la nne, hakulitangaza. Vito akatoa mikono chini ya blanketi, na rimoti yake ndani ya mikono hiyo, na Elva ikasimama katikati ya bwawa. Kila meli husikia rimoti moja tu, ile iliyofungishwa nayo ndoa, kama wanachama walivyopenda kusema. Kumbe Elva iliachishwa na kuozwa upya.

"Tangu lini?" Lyle aliuliza.

Aliyejibu ni Verna, ambaye hakuulizwa. "Tangu Pasaka. Ulipokwenda tena Adelaide kwa daktari nilimpelekea Vito meli. Mimi ndiye niliyemwomba. Wengine niliwaomba baadaye."

Hilo ndilo lililomkata. Vito angeweza kumtukana, wangetukanana, yangeisha. Lakini Verna alimpikia, alimfungulia kopo la rangi na kumwambia hii ndiyo nyekundu, alimsikiliza akijisifu mezani jioni zote za baridi, na alikuwa anajua.

"Na ngao?" alisema. "Ngao ya mwezi wa sita?"

Glenys aliinama akaangalia viatu vyake.

"Nilimpigia Sharyn. Nililia kwenye simu kama mtoto mdogo."

"Najua," Verna alisema. "Nilikuwa pale jikoni. Nililia na mimi."

"Na huyu nimemwita gari bovu mbele za watu."

"Mimi nilikuwa nafurahi, bwana," Vito alisema. "Bora uniite gari bovu kuliko usije. Nilikuwa naangalia vidole vyako. Ukikunja, na mimi nakunja. Nakuapia, mara nyingi ulikuwa unakunja mahali penyewe."

"Mara nyingi."

"Mara nyingi, Lyle."

"Mngeniacha nishindwe!" Alipaza sauti, na bata wakaruka kutoka upande wa pili wa bwawa. "Ningegonga, mngenicheka, ningekwenda zangu nyumbani. Kugonga kwangu kungekuwa kwangu. Mmeniweka hapa nichezee sanduku tupu kama mtoto anayepewa usukani wa plastiki ili anyamaze!"

"Hukurudi nyumbani mara ile," Verna alisema. "Uliingia bandani. Nilikuwa nakuletea chakula unakirudisha. Nilisimama mlangoni nakusikia, Lyle. Nilifikiri nitakupoteza wewe pamoja na macho. Ungekuwa mimi ungefanya nini? Niambie, ungefanya nini?"

Hasira ilikuwa imemjaa, na chini ya hasira kulikuwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu ambacho hakutaka kukigusa mbele ya watu. Aliiweka rimoti yake chini, akanyoosha mkono nyuma.

"Lete hiyo."

"Lyle, acha twende nyumbani."

"Lete, Vito."

Vito, mtu mwenye tabia ya kumaliza alichoanza, wakati wote huo wa kupigishana kelele alikuwa akiirudisha Elva polepole ili isikae peke yake kule katikati. Akampa rimoti. Ilikuwa ina joto la mikono na blanketi, na ilikuwa nzito. Lyle akaishika ipasavyo, vidole gumba juu ya vijiti. Kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, Elva ilikuwa yake.

"Mtu asiniambie kitu," alisema. "Glenys, na wewe kaa kimya."

Akainua uso akatazama bwawa. Alitazama kule kwenye mageti, akapeleka macho kushoto, akayarudisha kulia. Kulikuwa na mwanga tu, mwanga mtupu unaochoma. Aliutafuta wekundu wa dohani kama mtu anayetafuta uso anaoujua kwenye umati wa watu, akasubiri, akatafuta tena upya kuanzia mwanzo. Vidole havikusogea. Alijua akivisogeza Elva itaondoka, na hakujua ingeondoka kuelekea wapi. Watu walisimama na vikombe vyao vya chai mkononi, na hakuna aliyekunywa.

Mwishowe vidole gumba vilitoka juu ya vijiti.

"Haya," alisema taratibu, si kwa hasira tena. "Iko wapi?"

Glenys alijiziba mdomo kwa mkono. Vito aligeuka akatazama uwanjani ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Nimeuliza jamani. Iko wapi meli yangu?"

Verna akaja akasimama kando yake, akamshika kiwiko.

"Iko hapa, mpenzi," alisema. "Iko hapa miguuni pako."

Elva ilikuwa imetulia ukingoni mbele ya viatu vyake, karibu kiasi kwamba angeweza kuigusa kwa ncha ya kiatu. Lyle akapiga goti, akainama, akaingiza mkono majini na kuanza kuitafuta, upande ambao haikuwapo.