Nliufunika Ubao Mbovu kwa Kuogopa Kuchekwa

Mie ndie nlomuua mume wa mdogo wangu. Naanza na hilo kabisa, nisije nkazungukazunguka halafu nkaishia kujionea huruma. Sikumpiga wala sikumtilia sumu. Nlikosea kazi, nkajua kuwa nimekosea, nkanyamaza. Na mtu mwengine ndie anayebeba lawama yangu mpaka leo.

Nakwambia wewe nisokujua, kwa sababu wale ninaowajua nimeshindwa kuwaambia. Nshajaribu. Mdomo unafunguka, halafu nnaulizia habari za watoto.

Mie fundi wa boti hapa Unguja. Nakaa Mpendae, kazi yangu iko pwani. Boti za doria za polisi zikichoka huletwa kwangu: nazitoa mbao zilizooza, naziziba, nazitia rangi, nazirejesha majini. Mie si askari, raia tu. Lakini askari wote pale wananiita Fundi, wengine hata jina langu hawalijui. Nlilipenda hilo jamani, nlilipenda mno!

Nlikuwa nafanya kazi na mwenzangu mmoja, tumwite Makame, Mtumbatu, mtu wa kisiwa cha Tumbatu. Mtu wa maneno machache, na akisema husema kavu, hana kupamba. Na mume wa mdogo wangu, tumwite Khatib, alikuwa askari, nahodha wa boti moja katika zile. Mdogo wangu ntamwita Zuhura. Harusi yao nliisimamia mie mwenyewe, baba yetu alikuwa kishafariki.

Siku hiyo boti ya Khatib imepandishwa juu kwa matengenezo. Makame akaenda nyuma, kwenye ule ubao unaobeba mashine, akaugonga kwa mpini wa nyundo. Akagonga tena. Akaniita.

"Fundi, ubao huu umeoza ndani."

Ubao wenyewe nliuweka mie, kwa mikono yangu. Na pale tulipo wamesimama askari, wanatusikiliza, na Khatib yumo.

"Makame, masikio yako yameingia maji," nkamwambia. "Ubao huu kazi yangu. Yatakuja kuoza meno yako kwanza."

Wakacheka wote. Na mie nkacheka. Asocheka ni Makame tu.

"Haya," akasema. "Mkiifungia mashine kubwa, mkaikamua, ubao unatoka. Chombo hichi kitakuja kuua mtu."

Askari mmoja akaruka, "Astaghfirullahi! We bwana, toa kauli njema!" Makame akaweka nyundo chini, akaenda zake kwenye boti nyengine. Hakurudi tena kwenye ile. Kaudhika.

Sasa skia ujinga wangu. Alasiri, askari wameshaondoka, nkachukua keekee, nkautoboa ule ubao kidogo tu, nijiridhishe. Unga ulotoka ni mweusi, umerowa. Nkatia bisibisi, ikaingia mpaka kwenye mpini, kama natia kijiko kwenye boga lilopikwa. Ubao umeoza, Makame kasema kweli tupu.

Kitu gani kilinizuia? Mbao zipo. Muda upo, hakuna alokuwa ananikimbiza. Ingenibidi nimwite tu, nimwambie, "Bwana we, ulisema kweli, njoo tuutoe." Maneno hayo tu! Lakini nkaona wale askari watakavyocheka kesho. Nkamuona Makame anavyonitazama. Nkaona watu watakavyosema, kumbe Fundi mwenyewe anaweka mbao zinaoza. Nkasema nafsini mwangu, siwezi.

Nkaliziba lile tobo. Nkaufunika ubao wote kwa faiba, tabaka juu ya tabaka, nkapiga msasa mpaka ukawa unateleza. Nkatia rangi. Kwa macho ulikuwa ubao mzuri kuliko zote nilizopata kutengeneza. Nliondoka nkaenda kusali, nkarudi nyumbani nkala.

Pale kwetu tuna desturi. Boti ikitoka mkononi mwa fundi, safari ya mwanzo fundi anapanda mwenyewe. Ndio dhamana yake hiyo. Fundi akikataa kupanda, hakuna nahodha atakaeigusa. Na akishapanda akarudi salama, basi, hakuna anaeuliza tena.

Nkapanda. Makame alikuwa yuko pale pwani, anatutazama. Khatib kashika usukani, mie nimekaa nyuma, mkono juu ya mashine. Bahari imelala. Nkamwambia, "Shemegi, usiikamue. Taratibu tu, faiba bado haijakaza vizuri."

Uongo! Faiba ilikuwa imekaza zamani.

"Sawa shemegi, chombo chako," akasema. Akageuka akaniona nlivyoishikilia mashine, akacheka. "Tazama Fundi anavyoogopa maji!"

Tukazunguka kidogo mbele ya mji, tukarudi. Askari wakapiga makofi. Mmoja akamkejeli Makame, "Haya, yuko wapi maiti?" Makame akaenda zake. Na mie nlikuwa nishaanza kujiamini, wallahi. Nkasema labda itashika, mbona mashua ngapi zinakwenda na ubovu wake.

Baada ya hapo ilikuwa inatoka doria za karibu, inarudi. Kila ikirudi nnazidi kutulia. Ikafika hadi nkasahau, nadhani. Au nlijifanya nimesahau, sijui, siku hizi sijui tena kilichokuwa kweli.

Siku ya siku ikaja habari mchana kuwa kuna boti ya watalii imezimika mashine, upande wa kisiwa cha Chumbe, inachukuliwa na maji. Upepo umevuma tangu asubuhi, bahari chafu. Khatib akatoka na askari wawili. Safari ile hakuwepo wa kumwambia usiikamue. Na angelikuwepo asingelisikilizwa, wamo watu wanataka kuokolewa.

Walonihadithia ni wale askari wawili. Wamesema walipanda wimbi, wakashuka, mashine imefunguliwa yote. Ukasikika mlio. Ubao ukatoka mzima mzima na mashine yake. Khatib alikuwa kasimama, mashine ikamvuta kwa nyaya na mipira ya mafuta, ikaondoka nae. Boti ikajaa maji kwa nyuma, ikazama. Wao walivaa majaketi ya kuokolea, wakaelea mpaka boti nyengine ikawakuta. Watalii nao wakaokolewa na hiyo hiyo boti. Khatib tulimpata kesho yake, maji yalimtupa ufukweni.

Nlimkosha mie. Nlikuwa mmoja wa walomkosha. Mkono wake wa kulia ulikuwa umechanika na ule waya, na mie namwagia maji, na sihisi kitu. Nasikia watu wanasema, "Mtazame Fundi, ana moyo." Sina moyo! Nilikuwa nimekufa ganzi, na mpaka leo ganzi haijaniachia.

Boti haikuopolewa, ilikwenda chini kwenye mkondo. Wakubwa wa polisi waliniuliza, nkajibu kuwa nliijaribu mwenyewe na watu wote wameona. Ilikuwa kweli. Nikaachiwa.

Lakini watu hawawezi kukaa bila ya kupata wa kumlaumu. Wale askari wakakumbuka maneno ya Makame. "Chombo hichi kitakuja kuua mtu." Na kimeua. Yakaanza manong'ono. Eti kinywa chake kibaya. Eti alikasirika kuchekwa, akakiombea mabaya. Wengine wakavuka mpaka, "Mtumbatu yule, nyie hamuwajui?" Eti kakifanyia mambo ya uchawi. Watu wazima, wenye akili zao!

Mtu alosema kweli, kweli yake ikageuzwa apizo. Na mie nlikuwa nayasikia yote. Neno langu moja tu lingetosha kuyazima.

Siku ya hitima, Makame akaja. Kanzu yake imepigwa pasi, kofia kichwani. Sisi wanaume tumekaa nje kwenye majamvi, Zuhura yumo ndani, kakaa eda. Makame akatoa salamu. Walomjibu hawakufika watu watatu. Sijui nani alokwenda kumwambia Zuhura kuwa amekuja, mara tukasikia sauti kutoka ndani, nyuma ya pazia.

"Mwambieni aondoke! Mwambieni aondoke kwangu! Kinywa chake ndicho kilichoniulia mume wangu!"

Hakuna aloinua uso. Makame hakutazama dirishani ilikotoka sauti. Alinitazama mie.

Alinitazama, akangoja. Alikuwa anajua. Ubao ukitoka mzima vile, fundi yeyote anajua. Hakusema, kwa sababu angelisema pale, mbele ya mjane, nani angemuamini? Alinipa nafasi niseme mie. Mpaka nakufa ntaikumbuka ile nafasi alonipa.

Nkainuka. Nkamshika bega. Nkamwambia kwa sauti ya upole, kila mtu asikie:

"Makame, nenda zako ndugu yangu. Watu wana majonzi."

Ya Rabbi! Na watu wakanisifu kwa ustaarabu wangu.

Akatoka. Pwani hapa hakupata tena kazi, kila nahodha anaogopa mikono yake na kinywa chake. Nimesikia karudi kwao Tumbatu, na huko nako habari zimeshamtangulia. Ana wake, ana watoto. Sijakwenda. Nlishafika hadi Mkokotoni, pale panapovukiwa, nkanunua maji ya kunywa, nkarudi mjini.

Kule kazini wameniletea boti nyengine. Mkubwa wao kaniambia, "Fundi, baada ya yale yalotokea, hatumuamini mwengine ila wewe." Nkasema ahsante. Ubao wa nyuma nliutoa nkaweka mpya, bila ya hata kuugonga. Sasa kila ubao nautoa, mzima na mbovu. Wanasema nimezidi umakini.

Zuhura namtembelea kila siku ya Mungu, mie ndie kaka yake na sasa ndie baba yake. Siku moja akaniuliza, polepole, "Kaka, weye si uliipanda ile boti?"

"Nliipanda."

"Ilikuwa nzima?"

"Nzima."

Akapumua. Akaniambia, "Nlijua. Kazi yako naijua. Lau ingelitengenezwa na mwengine, na wale wawili wasingelirudi." Akanitilia chai. Nkainywa yote.

Sasa mnafahamu kwa nini naandika hapa.

Fundi mwenzangu, iwe wa boti, wa nyumba, wa umeme, wa gari, wewe unaeshika kitu ambacho watu watakipanda au watakilalia: ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Watakucheka, ee, watakucheka. Watakutania wiki nzima, watakupa na jina la mzaha. Halafu watachoka, watatafuta mwengine wa kumcheka. Mie nliogopa kicheko cha jioni moja. Na ukisikia mwenzako anasema kitu fulani ni kibovu, usimwambie atoe kauli njema. Kamata tochi ukatazame.

Wala usijidanganye kuwa utasema baadae. Baadae haipo. Kila siku unayonyamaza, unamuumiza na mtu wa pili, wa tatu, na mdomo unazidi kuwa mzito.

Eda ya Zuhura iko karibu kwisha. Nyumba yao walipanga, hawezi kuendelea nayo peke yake, kwa hivyo anahamia kwangu. Kakataa kwenda kwa wakwe zake. Kawaambia kwa kaka yake ndiko moyo wake unakotulia. Mke wangu keshamtolea kitanda.

Basi kila asubuhi nkitoka chumbani ntamkuta ukumbini, nae ni mtoto alolelewa kwa adabu. Atainuka, atanambia, "Shikamoo kaka." Na mie ntaitikia, marahaba.