Mkoba Uliofika Peke Yake Igalula

Harufu ya vanishi hunisimamisha hata leo. Nikipita penye seremala, hujikuta tena Ng'ambo, Tabora, nina miaka minane, vidole vimegandana kwa gundi ya unga wa muhogo.

Mama alikuwa ameachika, amerudi kwao Igalula, na wazazi wake wakati ule walikuwa wamehamia kijiji cha Ujamaa karibu na stesheni. Baba alishikilia kwamba mtoto ni wake, kisha mwenyewe akaenda zake kutafuta kazi, akaniacha kwa dada yake. Shangazi hakunitesa. Alinilisha, alinisuka, akanipeleka chuoni kwa maalimu kusoma Kurani. Lakini mchana kutwa alikuwa sokoni na vitambaa vyake, nami nilikuwa mpweke mpaka nikawa nazungumza na mkoba.

Mkoba ulikuwa wa Mama. Aliusahau nyuma ya mlango siku aliyoondoka, ngozi imebanduka, kishikio kimoja kimelegea. Niliamua kuupamba na kumpelekea. Niliamini akiuona tu atajua kwamba ninamtaka, atakuja kunichukua.

Jirani yetu Fundi Mrisho alikuwa akibandika picha kwenye masanduku ya maharusi. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Alicheka, lakini akanipa nafasi pembeni ya meza yake.

"Taratibu, we mtoto," aliniambia. "Hewa ikibaki chini, picha itavimba kama andazi."

Basi nikakata waridi kutoka kalenda ya zamani, twiga wa kwenye kiberiti, majani ya pakiti ya chai. Nilipaka gundi, nikabandika, nikasugua kwa kitambaa kuanzia katikati kwenda pembeni. Upande wa mbele ulipendeza. Kifuniko tu ndicho kilichobaki kitupu, na nilitaka kitu cha heshima.

Ndani ya msahafu wa shangazi nilikuta karatasi iliyokunjwa, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa wino wa buluu. Mimi chuoni nilikuwa bado kwenye alifu na bee, kuunganisha maneno sijui. Kwangu mimi herufi zile zote zilikuwa maneno ya Mungu. Nikatia udhu, nikaichukua. Sikuthubutu kuipitishia mkasi. Niliibandika nzima kwenye kifuniko ili imlinde Mama, na Fundi Mrisho, aliyekuwa hajui kusoma herufi zozote, akaipaka vanishi mara tatu.

Bi Tatu, muuza karanga wa kwenye treni, aliubeba siku ya Ijumaa. Jioni alirudi.

"Nimempa mkononi. Nimemkuta palepale stesheni."

"Kasemaje?"

"Ah, mwanangu. Kaushika tu, kaugeuza geuza."

Wiki ile shangazi alipekua msahafu wake ukurasa kwa ukurasa. Aliniuliza kama nimeona karatasi, nikakana. Aliufunga msahafu, akaurudisha mahali pake.

Nilisubiri mpaka nikachoka kusubiri. Mama nilikutana naye mara mbili tu baada ya hapo, harusini na msibani, na mara zote mbili alinijulia hali kama mtoto wa watu. Nilimchukia kwa hilo. Nasema kweli, nilimchukia.

Alipofariki, mjomba aliniletea mkoba. Waridi lilikuwa limefifia, vanishi imekuwa rangi ya asali, lakini kifuniko kilisomeka, na mimi sasa niliweza kusoma. Kumbe yalikuwa maneno ya Kiswahili. Mama hakupata kusoma shule ya serikali. Aliandika kama alivyofundishwa chuoni.

"Wifi yangu, salamu sana. Muulize mwanangu mwenyewe kama anataka kuja kukaa nami. Akitaka, mpandishe treni. Nitakuwa stesheni kila Ijumaa."

Shangazi hakuwahi kuniuliza. Simlaumu sana, na yeye hakuwa na mtoto mwingine. Namlaumu kidogo.

Nilimuuliza mjomba kama kweli Mama alikuwa akienda stesheni.

"Alikwenda miezi," alisema. "Siku ulipofika mkoba huu ndiyo akaacha."

Nilikuwa nimemrudishia barua yake mwenyewe, imebandikwa vizuri, haina hewa hata kidogo chini, naye akaichukua kuwa ndiyo jibu langu.