Nyundo Kabla ya Kuganduka

Mume wangu alikuwa fundi bati hapa Bwiza. Alipofariki, tulifunga vyombo vyake kwa kamba ndani ya gunia: nyundo, mkasi wa bati na kipande cha reli alichokuwa akigongea. Katika familia yake, vyombo vya marehemu havitoi sauti mpaka kuganduka, siku ya kuondoa matanga. Nilikubali. Hata mimi sikutaka kuusikia mlio ule.

Kisha binti yetu akarudi na habari ya shule. Darasa lao lilikuwa limepanda mboga za lengalenga, na madamu alitaka kila mtoto atengeneze kwa mikono yake kitu cha kumwagilia. Wenzake walikuwa wanatoboa chupa za plastiki.

"Mi nitatengeneza kopo la bati, kama za papa," alisema.

"Chupa inatosha."

"Chupa si ya papa."

Nilifungua gunia. Lakini niliogopa majirani, nikatandika kitenge juu ya reli ili nyundo isisikike. Akagonga mchana kutwa, puf, puf. Tulipotia maji, yote yakatoka kwenye maungio. Akatazama miguu yake iliyolowa. Kesho yake ilikuwa siku ya kuonyesha kazi.

Kosa lilikuwa langu na kitenge changu. Bati halikunjiki vizuri juu ya nguo. Linataka chuma chini yake. Nikakiondoa kitenge.

Mlio ukajaa uani, ukafika barabarani. Anagonga mara mbili, ananyamaza. Anagonga tena, ananyamaza. Ndivyo alivyogonga baba yake, akitega sikio kwenye bati. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Nilijifunika uso kwa kitenge kile kile.

Kaka mkubwa wa marehemu, jirani yetu, akaingia bila kubisha.

"Shemeji! Nani anagonga? Tumeganduka lini?"

Kabla sijajibu, mtoto akasema, "Baba mukubwa, ngoja kwanza. Bati itapinda."

Baba mkubwa akasogea, akautazama mkono wake.

"We unashika nyundo sawa na babako," akasema. "Na yeye alikuwa anaishika vibaya."

Akachuchumaa, akamshikia bati.

Siku ya kuonyesha kazi, sisi wazazi tulisimama kando ya bustani ya shule. Binti yangu aliinamisha kopo lake. Maji yakashuka kama manyunyu, wala hakuna mche uliolala. Watoto wakapiga makofi. Madamu akasema ni kazi nzuri kweli.

"Inavuja kidogo, madamu. Hapa," binti yangu akasema, akionyesha kwa kidole tone ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliona.

Hapo ndipo kifua changu kilipojaa. Baba yake naye hakuwahi kumficha mteja tundu.

Kuganduka bado hatujafanya. Gunia liko karibu na mlango, na kamba yake sijaifunga tena.