Kusali Bila Kuinama

Kaka yangu alikuwa rubani wa ndege za jeshi, na alirudi kwetu Makoko akiwa amepungua urefu. Suruali zake za zamani zilikuwa zinaburuza chini. Mimi na mdomo wangu nilimtania wiki nzima, mpaka tukiwa njiani kurudi kutoka Bunda akanieleza, na nikaona aibu.

Injini ilizimika angani, ikabidi avute mpini wa kiti kinachomrusha rubani nje. Kiti hicho kinaruka kwa baruti. Mgongo lazima unyooke, mikanda ibane, kichwa kigandamane na kiegemeo.

"Vyote nilifanya," alisema. "Halafu nikainama kusali. Si unajua mama alivyokuwaga anatufundisha?"

Nilijua. Kwetu hukuonja ugali wala kupanda mtumbwi kabla kidevu hakijagusa kifua. Baruti ikamkuta hivyo, pingili mbili za mgongo zikapondeka.

"Mama asijue," akaniambia. "Atajilaumu mpaka anakufa."

Miaka ikapita, binti wa kaka akachaguliwa kwenda kusomea urubani. Nilikasirika, nakiri. Niliona mgongo mmoja unaitosha familia. Kaka hakubishana nami. Kila jioni alimkalisha binti kwenye kiti cha mezani kilichoegemezwa ukutani, akampa mwiko wa ugali awe anauvuta kama mpini.

"Kichwa nyuma. Viwiko ndani. Sasa sali, uvute."

Binti alifumba macho, na kichwa kikashuka chenyewe.

"Umevunjika," kaka alisema. "Rudia."

"Baba, ni mazoea tu haya."

Wakarudia, akavunjika tena. Mama alikuwa mlangoni anapara sato, na mimi nilikuwa najikoholesha ili asisikie.

Siku ya safari nilitoka Butiama, ninakofundisha, nikawakuta wamesimama uani na begi. Mama akasema tusali. Tukainama sote, binti pia. Sala haikuanza. Nilipochungulia, mama alikuwa amemshika mjukuu wake kidevu, anakiinua taratibu.

"Wewe usiiname, mjukuu wangu. Angalia mbele. Mungu anakusikia hivyo hivyo."

Mkono wake wa pili ulikuwa mgongoni kwa kaka, juu kidogo ya kiuno, palepale penyewe. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Kaka akanyanyua kichwa, na mama akaanza kusali.