Jinsi mchezo wa viti siku ya mvua ulivyomtoa dada yangu nyumbani

Wakuu wa dawati la nyuma, na nyinyi wa mbele mnaojipendekeza, salaam aleikum.

Daftari limenifikia, ni zamu yangu. Waliotangulia wameandika habari za jini wa kisimani na papa mwenye ndevu. Mimi naandika jambo lililotokea mchana, mbele ya watu, na shahidi mmoja bado hawezi kukaa sawasawa. Nikiongeza chumvi hata chembe, nimeze nazi na kifuu chake.

Sheria ni ileile: soma, andika chini, pitisha chini ya dawati. Bwana Filimbi akilikamata, mimi sijui kuandika.

Kwa wageni mliohamia juzi: Bwana Filimbi ndiye mwalimu wetu Mzungu. Jina lake la kweli lina herufi nyingi na zote hazitamkwi. Anapuliza filimbi tukiingia, tukitoka, na tukienda kunywa maji. Siku moja atapuliza tupumue.

Haya.

Mwaka jana tuliahidiwa pikiniki ya kwenda Marafa kuona makorongo mekundu. Tumekaa mwezi mzima tukijisifu mitaani. Wiki ya safari, masika yakashuka. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Mto Sabaki ukafura, njia ikakatika, pikiniki ikafa.

Sasa, Mswahili mvua ikimfungia ndani ana mchezo mmoja: kulala. Akichoka, anageukia ubavu wa pili.

Mwingereza hawezi. Mwingereza akikaa ndani saa mbili bila kushindana na mtu, anashikwa na homa. Bwana Filimbi akaja asubuhi na koti linachuruzika, macho yanang'aa, akasema tutafanya spoti za ndani ya nyumba. Na mshindi wa mwisho atapata kisu cha kukunja, cha makali mawili.

Wakuu, kile kisu! Mpini wa pembe. Nilikiona mara moja tu mezani kwake na tangu hapo nikawa nakiota.

Skuli ilikuwa inavuja, kwa hiyo akaomba ghala la Seth Govindji, yule Banyani mwenye duka la nguo karibu na soko. Ghala kubwa, paa la mabati, limejaa magunia ya simsim na mbata, zile nazi zilizokaushwa. Seth alikubali kwa sharti la kusimama mlangoni mwenyewe, mwavuli mkononi.

Spoti ya kwanza, mbio za magunia. Unaingia kwenye gunia unarukaruka kama chura. Lakini magunia yalikuwa ya mbata, kwa hiyo tulitoka humo tumepakwa mafuta tayari kukaangwa.

Spoti ya pili, kubeba yai kwenye kijiko huku unakimbia. Hapo Seth akainua mwavuli.

"Yai hapana ingia hapa," akasema. "Mimi hapana kula yai, babu hapana kula yai, ghala yangu pia hapana kula."

Tukabeba ndimu kwenye pawa. Na pawa, kwa nyinyi mnaolishwa na mama zenu hamjui chakula kinatoka wapi, ni kile kijiko cha kifuu cha nazi.

Spoti ya tatu, kuvutana kamba. Watoto wa mjini upande mmoja, watoto wa bara upande wa pili. Sisi wa mjini tukatukana vizuri sana, tukavutwa kama samaki. Kazungu, yule wa Kaloleni mwenye mabega, alikuwa wa mwisho kwenye kamba yao na wallahi alikuwa anapiga miayo.

Hapo ndipo Bwana Filimbi akatangaza spoti ya mwisho, ya kutoa mshindi wa kisu.

Mchezo wa viti. Watu wanane, viti saba vimepangwa mviringo. Kinanda cha santuri kinaimba, mnazunguka. Kikinyamaza, kila mtu akae. Aliyekosa kiti anatoka, na kiti kimoja kinaondolewa. Hivyo hivyo mpaka kiti kimoja na watu wawili.

Watu wazima huko kwao wanaucheza na wanavaa tai. Mimi nasimulia tu.

Taabu ni viti. Ghalani hakuna. Bwana Filimbi akauliza, nani kwao ana kigoda kifupi, chepesi?

Na hapa, wakuu, ndipo mdomo wangu ulipotangulia akili. Nikainua mkono. "Sir, kila nyumba ina mbuzi ya kukunia nazi."

Akaniomba nimweleze. Nikamwambia ni kiti kidogo cha mbao kinachokunjwa, mbele kina ulimi wa chuma. Akauliza ule ulimi ni wa nini. Nikasema pambo.

Darasa zima likainama kufunga viatu. Na hakuna aliyevaa viatu.

Tukatawanyika mvuani, kila mtu kwao.

Sasa niwape jambo ambalo mimi nilikuwa nalijua na nyinyi hamlijui. Siku hiyo kwetu kulikuwa na wageni wa mchana. Dada yangu Mwanaisha alikuwa ameposwa na kijana fundi wa milango. Kijana anataka, dada anataka, baba ameridhika. Mwenye kutoa neno ni mama wa kijana, Bi. Rukia, mtu wa Takaungu, amefikia kwa dada yake upande wa pili wa mji.

Bi. Rukia alikuwa amekuja kwetu mara tatu. Mara tatu amekula. Mara tatu amesema, "Wali si mbaya," akajifuta mkono, akaenda zake bila neno. Mwanaisha alikuwa amekonda. Bibi yangu alikuwa ameapa kwamba siku hiyo, baada ya adhuhuri, Bi. Rukia atakula wali wa tui zito mpaka neno limtoke lenyewe. Na lisipotoka, basi, posa irudi ilikotoka, nyumba hii si hoteli.

Nilipoingia jikoni nazi sita zilikuwa zimeshavunjwa, zimepangwa juu ya ungo. Mbuzi iko pembeni inangoja. Bibi yuko kwa jirani anachambua mchele na kusengenya.

Mbuzi yenyewe si ya dukani. Mti mweusi, umelainika kwa kukaliwa na akina bibi wanne watano. Meno yamechongwa na mhunzi aliyekufa zamani.

Nikapiga hesabu: mchezo robo saa, nakwenda nakimbia, narudi nakimbia. Kisu cha makali mawili. Nikaikumbatia nikatoka.

Nilichosahau kuhesabu ni kwamba na wenzangu sita walikuwa wanafanya vilevile, karibu wote mtaa mmoja. Mtaa mzima ukabaki na nazi zilizovunjwa na mbuzi hakuna hata moja.

Mchezo ukaanza. Bwana Filimbi akakaa kwenye kinanda ametupa mgongo, ati asije akampendelea mtu. Mvua nayo ikazidi. Pale chini ya mabati hatukusikia santuri, hatukusikia hata mawazo yetu. Ikabidi tuzunguke tukimtazama kiwiko: kikiinuka, ameondoa sindano, kaa!

Kiwiko kikainuka. Athmani, yule anayejisifu kwamba kanzu zake zinatoka Maskati, akaruka, akakaa kinyumenyume juu ya pambo.

Kelele aliyopiga ilishinda mvua. Kanzu ya Maskati ikakunwa vizuri, laini, tayari kwa kukamuliwa. Na si kanzu peke yake. Shahidi niliyewaambia ndiye huyo, muulizeni, lakini muulizeni akiwa amesimama.

Bwana Filimbi akageuka, akatazama, akasema kwa utulivu, "Bad luck," akageukia kinanda chake. Wakuu, kwa Mwingereza hata kukunwa makalio ni bahati mbaya tu, mchezo uendelee.

Tukapungua. Sita, watano, wanne. Nikamkanyaga mmoja mguu, nikamvuta mwingine shati. Nisingeandika haya kama msingeniona.

Tukabaki mimi na Kazungu. Na mbuzi iliyobaki katikati, kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote, ilikuwa ya bibi.

Tunazunguka. Mimi macho kwenye kiwiko. Kazungu macho kwenye mbuzi. Mvua inapiga kama mawe. Kiwiko kinatulia... kinatulia... kikainuka!

Tukajitupa wote wawili.

Tukagonga vichwa, tukaanguka, na nilipofumbua macho nikaona mbele yangu upindo wa leso unaodondosha maji.

Mwanamke mtu mzima, mnene, ameloa mpaka ukosini, amekaa juu ya mbuzi. Amekaa barabara, kiupande, ulimi mbele, kama wanavyokaa wanaojua. Alikuwa njiani, mvua imemzidi, Seth amemwonea huruma akampisha mlangoni. Akaingia, akaona kiti kitupu katikati ya nyumba, akakaa.

Akatutazama pale chini.

"Mashaallah," akasema. "Watu wa Malindi adabu mnayo. Nimeingia tu, nimewekewa pa kukaa, na vijana wameanguka kunisujudia."

Alikuwa Bi. Rukia.

"Shikamoo," nikasema, mdomo umejaa vumbi la mbata.

"Marahaba. Wewe si mdogo wake Mwanaisha? Mbona unanuka mafuta?"

Bwana Filimbi akageuka. Akaona vijana wako chini, mama yuko kitini. Basi sheria ni sheria. Akapiga makofi, akaja na kisu mkononi, akaniambia, mwambie mama huyu ameshinda kwa haki na zawadi ni yake.

Nikakitazama kisu. Mpini wa pembe. Mama huyu atakifanyia nini? Atakatia ugoro?

Nikageuka kwa Bi. Rukia nikatafsiri: "Anasema umeshinda, na zawadi ni hicho kiti ulichokalia."

Ndiyo. Niliisema. Ilinitoka nzuri kabisa, na dakika nzima niliona nina akili.

Bi. Rukia akainuka, akaigeuza mbuzi, akapitisha kidole gumba kwenye meno polepole. Uso wake ukabadilika. "Meno haya si ya siku hizi," akasema. "Haya hayachoki." Akaikunja, akaitia kwapani, akaifunika na leso.

Ndipo nikakumbuka ni ya nani.

Na ndipo mlango ukajaa wanawake.

Mtaa wote, leso vichwani, miguu imejaa matope. Mbele yao bibi yangu. Seth aliwahi kufungua mwavuli, hata hakujaribu kuwazuia. Kila mmoja akaenda moja kwa moja kwenye mbuzi yake bila kuuliza. Sisi tunaona zote sawa. Wao wanazijua kwa meno kama mtu anavyomjua mwanawe. Mama yake Athmani akachukua yake, akachukua na sikio la Athmani.

Bibi akatafuta yake. Hakuiona. Akaniona mimi.

"Iko wapi?"

Nilitazama kwapa la Bi. Rukia. Bibi naye akatazama. Ukaonekana mguu mmoja mweusi, laini, umechungulia nje ya leso.

Jamani, mkwe hanyang'anywi. Hata kama ana kitanda chako kwapani, mkwe unamwambia karibu. Na hata mkwe mwenyewe hakuwa bado, neno hajatoa.

"Bi. Rukia, umeshindaje?" bibi akasema.

"Nimeamka salama. Na nimeshinda mbele ya mashahidi," Bi. Rukia akajibu, akaigongagonga mbuzi. "Mzungu mwenyewe kanipa. Mjukuu wako ndiye aliyetafsiri."

Bibi akanitazama. Nilitamani Sabaki ufurike mpaka ghalani.

Nikasubiri posa ivunjike. Nilimwona Mwanaisha akilini, amekaa jikoni mbele ya nazi sita, hajui lolote.

Bibi akavuta leso yake vizuri.

"Umeshinda, sikatai," akasema. "Lakini nikwambie, mwenzangu. Hiyo haijawahi kutoka nyumbani peke yake. Mama yangu alikwenda nayo kwa mumewe. Mimi nimekuja nayo kwa mume. Ukiibeba, ubebe na mwenye zamu yake."

Hata mvua niliona imepunguza kusikiliza.

"Zamu ya nani sasa?" Bi. Rukia akauliza, kana kwamba hajui.

"Ya Mwanaisha."

Bi. Rukia akaitazama mbuzi. Akapitisha tena kidole kwenye meno. Chakula cha mara tatu hakikumtoa neno. Kipande cha chuma kikamtoa.

"Basi nimeshinda viwili," akasema. "Tupange siku."

Vigelegele vilivyopigwa mle ndani vilimfanya Bwana Filimbi apulize filimbi. Aliamini wanamshangilia kwa kuleta spoti Malindi. Mpaka leo anaamini, na ninasikia ameandika barua kwao.

Kisu, Bwana Filimbi alipoona mama hakitaki, alipewa Kazungu, kwa sababu alipoanguka mkono wake ulikuwa umegusa mguu wa mbuzi na wangu ulikuwa umeshika sikio lake.

Mwanaisha akaolewa mwezi uliofuata, mbuzi ikatangulia na vyombo. Nyumbani ikanunuliwa mpya ya dukani, butu, inayumba. Na bibi akatoa hukumu: aliyeitoa ile ndiye atakayekuna kwa hii. Kila siku, nazi zote, mpaka nioe au yeye afe, na afya yake ni nzuri mno.

Jumapili dada alikuja kutusalimu. Akanikuta jikoni, nimekaa, vidole vimechubuka, machicha mpaka kwenye nyusi. Akaegemea mlango akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Mdogo wangu," akasema, "mchezo umeushinda wewe. Umepata kiti, na hakuna hata mmoja anayetaka kukutoa."

Funzo ninalo, wakuu: ukiwa mkalimani, usitafsiri kwa tumbo. Na mvua ikinyesha, laleni.

Andikeni chini hapa. Nani kwao mbuzi imerudi na meno yote? Athmani, unaruhusiwa kuandika umesimama. Kazungu, wewe pitisha tu daftari. Kisu unacho, na maneno uyatake?