Anastasie Kwenye Kaburi la Asiyejulikana

Mji mzima wa Baraka, kando ya ziwa, ulimjua Anastasie kwa mambo mawili: ndagala zake, yaani dagaa za kuuza, hazikuwa na mchanga, na kilio chake hakikuwa na mpinzani. Akienda kwa wafiwa haingii kimya. Anaanza kulia toka njiani, anamtaja marehemu kwa jina la baba na la mama, mpaka hata wale waliokuja kufuata ugali wa matanga wanaona haya na kutoa chozi kidogo.

Na huyu, ndugu zangu, ndiye aliyekuwa hajamlilia mume wake mwenyewe. Wakati wa vita Albert aliuawa katika shamba lao la muhogo nyuma ya kijiji cha Swima, na Anastasie akavuka maji kukimbilia Ubwari na nguo aliyovaa tu. Majirani walioponyoka walimweleza mahali alipoangukia: chini ya mchikichi, karibu na kijito. Kisha wapiganaji wa Komanda Isidore wakaweka bariera, kizuizi cha bunduki, kwenye njia ya shamba, na toka siku ile hakupita hata kuku. Anastasie akasema hatalia mpaka amfunike kwa udongo. Mtu yuko bado nje, unamliliaje?

Basi mwaka 2002 wakubwa wa pande mbili zilizopigana, watu wa ziwani na watu wa milimani, wakaitwa kwenye mkutano wa amani, katika mji mkuu wa nchi ya watu. Sitautaja mji huo. Waliwalisha watu wetu vizuri, na sahani uliyolia haitemewi mate. Waandaaji walitaka pia mama mmoja wa kawaida, maana foto yenye wanaume peke yao ilikuwa haipendezi. Anastasie aliitika haraka kuliko wote. Ukimtaka Komanda kule kwetu Fizi, unavuka bunduki tatu na kutoa mbuzi mmoja. Hotelini atakuwa amesimama mbele yako na sahani mkononi.

Kumbe wapi! Kila alipoombwa njia, Isidore aliteleza kama kambare. "Kesho, mama." "Mambo iko kwa komisheni, mama." Na komisheni yenyewe ilikuwa bado inagombania jina lake. Wiki mbili zikapita hivyo, watu wa ziwani hawasalimiani na watu wa milimani, ila wote walikutana kwenye nyama.

Siku ya mwisho, kwa kuwa hakuna kilichoafikiwa, wenyeji wakasema wajumbe wakatembezwe mji, wapumzishe akili. Akili ipi, Mungu anajua. Jua lilikuwa kali mpaka lami inanata kwenye viatu. Isidore alivaa suti nzito na akakataa kuvua koti, kwa sababu kitambaa cha jina la duka kilikuwa bado kimeshonwa kwenye mkono, na kukificha ingekuwa hasara. Wakaonyeshwa nyumba ya bunge, wakaambiwa humo watu hugombana wakiwa wamekaa. Wajumbe walishangaa kwa dhati. Wakaonyeshwa maji yanayorushwa juu katikati ya barabara.

"Na nani anayateka?" aliuliza Nyirabahire, mama wa ng'ombe kutoka milimani, ambaye naye alikuwa ameletwa kwa ajili ya foto.

"Hakuna, mama. Ni ya kutazama."

Nyirabahire akasikitika kabisa.

Mwisho wakafikishwa kwenye kaburi. Ngazi za mawe, askari aliyesimama juani bila kupepesa, na moto unaowaka mchana kweupe. Bibi wa itifaki aliyewatembeza akaeleza, mkalimani akafasiri. Anastasie alisikia neno moja tu, kaburi, na mikono ikajipeleka kichwani yenyewe.

"Yooo! Mama yangu weee! Baba wa watu, umelala kwa watu gani?" Akakatisha, akamgeukia bibi wa itifaki. "Anaitwa nani? Ni mutoto wa nani?"

"Hajulikani, mama."

"Familia yake?"

"Hatuijui. Alikufa vitani. Tulimzika kwa heshima zote za taifa."

Wakati huo Isidore alikuwa ameshika shada la maua. Akaliweka, akainamisha kichwa, akakaa vile muda mrefu, maana mpiga foto alikuwa hajamaliza. Jasho lilimtiririka puani, na wengine wakadhani ni machozi.

Anastasie aliona moyo unamwaka.

"Papa Isidore! Huyu habamujui hata jina, na bamemuzika na maua. Mi wangu namujua mupaka kidole chenye shoka ilikata, na we unanikataza kumuzika! Leo unipe njia. Mi sitoke hapa."

Akaketi kwenye ngazi. Isidore akacheka kidogo, akasema, "Mama amechoka na jua." Hapo Nyirabahire akakunja nguo yake, akaketi kando yake.

"Mi mutu wangu nilimuzika," alisema. "Nitakaa na we mupaka uzike wako."

Ndani ya basi la wajumbe joto lilikuwa la tanuri. Dereva hakuweza kuwaacha wageni wa serikali, na bibi wa itifaki akatangaza kwa adabu kwamba hotelini chakula huondolewa mezani saa nane. Ee Mungu wangu! Watu walioshindwa kukubaliana kwa wiki mbili wakakubaliana palepale, wa ziwani na wa milimani.

"Komanda, mupe mama njia!"

"Nyama inapoa, Komanda!"

Pasta mmoja akakumbusha habari za huruma, jicho kwenye saa. Isidore akatazama kamera, akatoa simu yake ya setilaiti, akabonyeza.

"Panua sauti," alisema Anastasie. "Nisikie benye banajibu."

"Mama Anastasie akifika, muache apite kuzika."

"Ndiyo, Afande," sauti ikajibu kutoka Swima. "Siku ngapi?"

"Siku moja."

Wakala nyama. Ripoti ikaandika kwamba matembezi yalifana.

Wiki iliyofuata Anastasie alipita bariera na jembe na kitenge kipya. Chini ya mchikichi alikusanya alichokikuta. Kitenge kimoja kilitosha, na kilibaki. Alilia mpaka jioni, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Aliporudi, aliwakuta wanawake wengi wamekaa upande wa huku wa bariera, kila mmoja na kitenge kilichokunjwa magotini. Wengine walikuwa wametoka Mboko kwa miguu. Hawakumwuliza habari za mkutano. Walitaka tu kujua lini Komanda atapelekwa tena kutembea mji, na kama safari hii kuna nafasi ya kwenda naye.